Kutengeneza ikoni ya wasifu yenye nakshi, kutoka picha ya simu hadi mraba wa pikseli 100

Ikoni ya wasifu huonekana ikiwa ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na mara nyingi ndogo zaidi ya hapo. Karibu makosa yote ninayoyaona kwenye ikoni za watu yanatokana na kulisahau hilo. Mtu ameitengeneza ikiwa imejaa kioo kizima cha kompyuta, maua kila kona, maandishi ya kuringa, imependeza kwelikweli. Akishaipakia mtandaoni inageuka doa la kahawia lisiloeleweka ni mtu au ni kiti.

Mwongozo huu unafuata ikoni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mdogo wangu alinitumia picha aliyopigwa kwa simu akiwa amekaa kando ya dirisha. Anacheka, amevaa miwani na sweta jekundu, na nyuma yake kuna rafu ya vitabu na pazia lililokunjwa ovyo. Akaniambia anataka kitu chenye urembo urembo, "lakini bado nionekane ni mimi." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoniongoza katika kila hatua, na naomba yakuongoze na wewe.

Kuchagua picha

Picha nzuri ya kutundika ukutani si lazima iwe nzuri kwa ikoni. Tafuta yenye kitu kimoja tu cha kutazama: uso mmoja, ua moja, paka mmoja. Tafuta pia mwanga unaotoka upande mmoja, kwa sababu kivuli cha upande wa pili ndicho kinachochora pua na shavu picha ikishapungua. Picha iliyopigwa kwa mmweko wa kamera usoni hubaki bapa, na ukiipunguza uso unakuwa kama sahani. Ya mdogo wangu ilikuwa na mwanga wa dirishani kutoka kushoto, kwa hiyo nilijua mapema kwamba itakubali.

Isogeze picha mbali nawe kwa urefu wa mkono, fumba macho nusu, kisha tazama. Ukiona bado umbo la kichwa na mahali macho yalipo, inafaa. Ukiona mawingu tu, chagua nyingine, maana hakuna nakshi itakayoiokoa.

Kama picha si yako, muombe mwenyewe ruhusa, au tumia zilizotolewa kwa leseni ya CC0, ambayo mwenye kazi ameachia haki zake ili yeyote atumie bila masharti. Leseni nyingine za Creative Commons hudai umtaje mtengenezaji. Jina halitaenea ndani ya mraba mdogo hivyo, basi litaje kwenye maelezo ya wasifu wako. Brashi na matabaka ya urembo (tabaka ni kama karatasi angavu inayolazwa juu ya picha) yanayotengenezwa na wengine yafanyie vivyo hivyo. Watu hutumia saa nyingi kuyaandaa na kuyagawa bure.

Jambo la mwisho kabla ya kufungua programu: tengeneza nakala ya picha, na ile ya asili usiiguse. Niliwahi kuhariri picha ya asili yenyewe, nikaipunguza, kisha nikabonyeza kuhifadhi bila kufikiri. Ilikuwa picha ya pekee ya mtu ambaye hayupo tena, na nilichobaki nacho ni stempu ya pikseli 100. Tangu siku hiyo sianzi kazi yoyote bila nakala.

Programu, turubai na hesabu ya nne

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha. Ni ya bure, na inafanya kila kitu tutakachohitaji hapa. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na toleo lake la 3.0 lilitoka mwaka 2025. Ukiwa na Photoshop, Krita au Photopea inayofunguka ndani ya kivinjari, hatua ni zilezile. Menyu tu ndizo zinazokaa mahali tofauti. Majina ya namna za kuchanganya matabaka, kama Multiply, Screen na Soft Light, utayakuta kote, ndiyo maana nitayaacha kama yanavyoandikwa kwenye menyu.

Ukubwa ninaofanyia kazi ni pikseli 400 kwa 400, na mwishoni natoa nakala mbili, moja ya 400 na nyingine ya 100. Namba ya 100 ina historia yake. LiveJournal, mtandao ulioanza mwaka 1999, uliruhusu ikoni zisizozidi pikseli 100 kwa 100, na ndani ya kiboksi hicho watu walibuni mbinu nyingi za rangi na urembo ambazo mpaka leo hazijapitwa. Mitandao ya sasa hupokea picha kubwa zaidi, lakini kwenye orodha ya maoni au ya ujumbe huzionyesha zikiwa ndogo hata kuliko hizo 100.

Kutoka 400 kwenda 100 ni kugawa kwa 4, na hesabu hiyo nataka uizoee. Mstari wenye unene wa pikseli 4 utabaki pikseli 1. Wenye unene wa 2 utabaki ukungu. Herufi yenye kimo cha 32 itakuwa na kimo cha 8, ambacho ndicho cha chini kabisa kusomeka. Kila unapoongeza kitu, jiulize: nikigawa kwa nne, kinabaki nini?

Fungua nakala ya picha, kisha nenda kwenye menyu ya "View" uchague "New View". Dirisha la pili la picha ileile litafunguka. Moja likuze upendavyo kwa ajili ya kazi, jingine lipunguze hadi picha iwe ndogo kama ikoni (ikishakuwa ya pikseli 400, hiyo ni asilimia 25) uliweke pembeni. Kila unachofanya kwenye dirisha kubwa kitaonekana papo hapo kwenye dogo, na hilo dogo ndilo la kuliamini. Likisema kitu hakionekani, hakionekani.

Kukata

Chukua zana ya kukata kwa Shift na C. Kwenye chaguo zake weka tiki penye "Fixed", chagua "Aspect ratio", andika 1:1 ili upate mraba. Chini kidogo kuna miongozo. Chagua ile ya theluthi, "Rule of thirds", inayougawa mraba kwa mistari miwili wima na miwili ya kulala.

Wengi hukata wakiacha mabega, kifua na hewa ya kutosha juu ya kichwa, kama picha ya pasi ya kusafiria. Kwa ikoni, ingia ndani. Usiogope kukata utosi au ncha ya bega. Nilikata picha ya mdogo wangu mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na rafu nzima, na uso ukawa robo ya mraba. Ya pili ilianzia kifuani, uso ukawa nusu, bado macho yalikuwa vitone. Ya tatu nilikata juu kidogo ya paji la uso na chini kidogo ya kola ya sweta, macho yakakaa kwenye mstari wa theluthi ya juu, na kwenye dirisha dogo kile kicheko kikaonekana. Ni hiyo niliyoibakiza.

Kumbuka kuwa mitandao mingi hukata mraba uwe duara. Duara linalogusa pande zote nne za mraba lina asilimia 78.5 tu ya eneo lake, kwa hiyo zaidi ya sehemu moja kati ya tano inatupwa, na yote ni pembe. Tengeneza tabaka jipya, chora duara juu yake, ulifiche na kulifunua kila unapotaka kujua kama kuna kitu muhimu kinachoangukia nje. Usisahau tu kulifuta mwishoni.

Ukishakata, nenda "Image" kisha "Scale Image", andika 400, bonyeza kukubali.

Mwanga na rangi

Hapa ndipo ikoni inapopatikana au inapopotea, kwa hiyo usiharakishe.

Kwanza rudufu tabaka la picha kwa Shift, Ctrl na D. Ukibonyeza Ctrl na D bila Shift, GIMP inarudufu picha nzima kwenye dirisha jingine, na wageni wengi huchanganyikiwa hapo wakidhani kazi yao imepotea. Tabaka la chini liache kama lilivyo, ndiyo akiba yako.

Picha ikiwa na giza, badilisha tabaka la juu liwe Screen. Namna hii huangaza kila kitu isipokuwa nyeusi kamili: kwenye kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), kijivu cha katikati chenye namba 128 kikijichanganya na nafsi yake kinapanda hadi karibu 191. Hiyo mara nyingi ni nyingi mno, basi shusha kitelezi cha Opacity, yaani nguvu ya tabaka, hadi 50, na kijivu hicho kitakaa karibu na 160. Picha ikiwa imefifia, tumia Soft Light badala yake. Vivuli vitazama na ming'ao itainuka kwa pamoja. Picha ndogo huhitaji tofauti ya giza na mwanga iliyo kali kidogo kuliko picha kubwa, kwa hiyo ukiona kwenye dirisha kubwa imezidi kidogo tu, pengine kwenye dogo iko sawa.

Baada ya hapo nilishughulikia mambo matatu yaliyokuwa yakigombana na uso.

La kwanza ni miwani. Kioo cha kushoto kilikuwa na mng'ao wa dirisha wenye upana wa pikseli kama 12. Gawa kwa nne: doa jeupe la pikseli 3 jirani na jicho, kubwa kuliko mng'ao wa jicho lenyewe. Nililiondoa kwa zana ya Clone, herufi C, nikichukua ngozi iliyo karibu kwa kubonyeza huku nimeshika Ctrl, kisha nikapaka kidogo kidogo kwa brashi laini. Sikuondoa mng'ao wote. Kioo kisichong'aa hata chembe hakionekani kuwa kioo.

La pili ni sweta. Nyekundu huvuta jicho kuliko rangi yoyote ya ngozi, na sweta lilikuwa limechukua theluthi ya chini ya mraba. Nililizungushia kamba ya kuchagulia kwa zana ya Free Select, nikalainisha kingo kwa pikseli 10, kisha kwenye "Colors" nikafungua "Hue-Saturation" nikapunguza ukolevu kwa 25. Likabaki jekundu lenye adabu. Ukiipunguza nyekundu bila kuchagua eneo kwanza, ngozi nayo itapauka, kwa sababu ndani ya rangi ya ngozi mna nyekundu nyingi.

La tatu ni rafu ya vitabu. Kuna wanaokata mandhari yote ya nyuma kwa uangalifu mkubwa, unywele mmoja mmoja. Kwa ikoni hiyo ni kazi ya bure, maana unywele mmoja haufiki hata robo ya pikseli. Nilitengeneza tabaka jipya, nikalijaza rangi ya kijani-bluu iliyoiva, #1f4f55, nikaliweka kwenye Multiply. Namna hii huzidisha rangi ya juu na ya chini, matokeo huwa meusi zaidi, na rafu ikazama kwenye kivuli cha rangi moja. Kisha nikaliongezea tabaka hilo barakoa nyeupe ("Layer Mask") na kupaka rangi nyeusi juu ya barakoa, mahali palipo uso na sweta, kwa brashi kubwa laini. Palipopakwa nyeusi tabaka linafichika, uso unarudi ulivyokuwa. Ukikosea, paka nyeupe, tabaka linarejea. Hakuna kinachoharibika, na hiyo ndiyo sababu napenda barakoa kuliko kifutio.

Kijani-bluu sikukichagua kwa kubahatisha. Kinakaa mkabala na nyekundu kwenye duara la rangi, hivyo sweta na ngozi vinasimama mbele bila kuviongezea chochote.

Sasa mbinu moja ya siku nyingi ambayo bado naitegemea. Tengeneza tabaka juu ya yote, lijaze bluu nzito #000040, na ulibadilishe liwe Exclusion. Picha nzima itapata rangi ya picha za zamani, vivuli vya bluu na ming'ao ya manjano hafifu. Sababu yake iko kwenye hesabu. Nyekundu na kijani cha tabaka hilo ni sifuri, kwa hiyo rangi hizo mbili hazibadiliki. Bluu yake ni 64: penye giza kamili bluu inapanda kutoka 0 hadi 64, na penye weupe kamili inashuka kutoka 255 hadi kama 191, na nyeupe iliyopungukiwa bluu huonekana ya manjano. Ukitaka iwe nzito zaidi, ongeza namba ya bluu. Mimi niliishusha nguvu hadi 45 kwa sababu meno ya mdogo wangu yalianza kuonekana kama ya mvuta tumbaku. Kama mtu kwenye picha anacheka, angalia meno kwanza.

Nakshi

Nakshi za ikoni ni za aina mbili: zile zinazofunika picha nzima, kama mwanga na mikwaruzo, na zile zinazochorwa mahali maalumu, kama maua na nyota.

Za kufunika unaweza kujitengenezea mwenyewe. Usiku piga picha ya taa za mbali huku kamera ikiwa imelenga kitu cha karibu, ili taa ziwe miduara laini ya rangi kwenye giza. Ingiza picha hiyo kama tabaka juu ya kazi yako, iweke kwenye Screen. Kwa kuwa nyeusi haina athari yoyote kwenye Screen, giza litapotea na miduara ya mwanga itabaki ikielea juu ya picha. Kwa Multiply ni kinyume chake, nyeupe ndiyo isiyo na athari. Karatasi nyeupe uliyoikunjakunja, ukaikunjua na kuipiga picha kwenye mwanga wa upande, itaacha mikunjo tu. Tabaka hizi zipe barakoa na ufute sehemu iliyo juu ya macho na mdomo. Duara la mwanga likitua juu ya jicho, umepoteza ikoni.

Kwa za kuchora, brashi zilizo tayari ni nyingi, na GIMP husoma hata zile za Photoshop zenye kiambishi cha abr ukiziweka kwenye folda yake ya brashi. Lakini brashi niliyoitumia kwa mdogo wangu niliichora kwa kalamu ya wino mweusi kwenye karatasi nyeupe: kijiti chenye majani saba. Niliipiga picha, nikafungua "Levels" na kusogeza vitelezi hadi karatasi ikawa nyeupe kabisa na wino mweusi kabisa, nikageuza picha iwe ya kijivu kupitia "Image", "Mode", "Grayscale", nikaichagua yote na kuinakili. GIMP huweka kile ulichonakili mwisho mwanzoni mwa orodha ya brashi, tayari kutumika. Palipo peusi hupaka rangi uliyoichagua, palipo peupe hapapaki kitu. Chagua ile iitwayo "Clipboard Mask", si "Clipboard Image", vinginevyo utapaka kipande cha karatasi nyeupe pamoja na majani.

Majani saba, kwa bahati mbaya, yalikuwa mengi. Kwenye dirisha dogo yalionekana kama manyoya yaliyochanika. Nikachora tena kijiti chenye majani matatu manene, kila jani likiwa na upana wa pikseli 20 hivi, na hayo yakaonekana kuwa majani. Nakshi ya ikoni inataka vitu vichache na vinono.

Mahali pa kuziweka pia pana maana. Mkono hupenda kwenda kwenye pembe, na pembe ndizo zinazokatwa na duara. Panga urembo ufuate mzingo wa duara, kutoka begani kupanda upande wenye kivuli, kwa kuwa upande huo ndio ulio mtupu. Kwa picha hii mwanga ulitoka kushoto, kwa hiyo majani yalipanda upande wa kulia, rangi ya malai iliyochukuliwa kwenye shavu lenye mwanga kwa zana ya kuokotea rangi. Rangi inayookotwa ndani ya picha yenyewe hukaa vizuri kuliko unayoitoa nje.

Halafu simama. Ficha tabaka moja moja la nakshi, ufunue, ufiche tena, huku ukitazama dirisha dogo. Tabaka ambalo hulioni likiondoka, lifute.

Maandishi, kama lazima

Ikoni nyingi hazihitaji maandishi, maana jina liko pembeni yake tayari. Ukiyataka, liwe neno moja, fonti nene isiyo na vimkia, kimo kisichopungua pikseli 40 kwenye turubai la 400. Fonti za mwandiko wa mkono zenye mistari myembamba huvunjika zikipunguzwa. Ongeza nafasi kidogo kati ya herufi, kwa sababu zikipungua husogeleana na "rn" inasomeka "m".

Ili neno lisimame juu ya picha, lipe ukingo. Bofya kulia kwenye tabaka la maandishi, chagua "Alpha to Selection", kisha kwenye menyu ya "Select" panua kwa pikseli 4 kupitia "Grow", tengeneza tabaka chini ya maandishi na ulijaze rangi ya giza. Pikseli 4 zitabaki 1, na hiyo moja inatosha.

Kupunguza, na nukta ya jicho

Hifadhi kazi yako kwa Ctrl na S. Itakaa katika faili la XCF lenye matabaka yote. Kisha bonyeza Ctrl na D, safari hii ndiyo unaitaka, upate nakala nzima ya kupunguza. Iunganishe iwe tabaka moja kwa "Flatten Image", nenda "Scale Image", andika 100, na penye "Interpolation" chagua LoHalo.

Picha ikipungua hulegea, kwa hiyo inoe. Kwenye "Filters", "Enhance", fungua "Sharpen (Unsharp Mask)", weka Radius 0.5 na Amount 0.4. Ukizidisha utaona mstari mweupe ukizunguka nywele na mabega. Rudi nyuma hadi upotee.

Sasa bonyeza namba 4 ukuze picha hadi asilimia 800, tazama macho. Jicho la mdogo wangu lilikuwa limebaki na upana wa pikseli 6: kahawia mbili, nyeusi mbili, na mbili za rangi isiyojulikana. Ule mng'ao mdogo unaolifanya jicho lionekane hai ulikuwa umemezwa. Nilichukua penseli kwa herufi N, ukubwa wa pikseli 1, rangi ya malai hafifu, nikaweka nukta moja upande wa juu kushoto wa mboni, kwa kuwa dirisha lilikuwa kushoto, na nyingine mahali palepale kwenye jicho la pili. Pikseli 2 kati ya 10,000. Nilipobonyeza namba 1 kurudi ukubwa halisi, alikuwa ananitazama.

Nukta zote mbili zikae upande mmoja. Ukiweka moja kushoto na nyingine kulia, mtu anakuwa makengeza.

Fremu

Fremu ichorwe baada ya kupunguza, kwenye kila nakala peke yake, ili mistari yake iwe safi. Tengeneza tabaka jipya, chagua yote kwa Ctrl na A, nenda "Select", "Shrink", andika 1. Hapo kuna kisanduku kinachosema eneo lililochaguliwa linaendelea nje ya picha. Kiondolee tiki, la sivyo uchaguzi hautapungua hata kidogo na utadhani programu imegoma. Geuza uchaguzi kwa Ctrl na I, jaza rangi. Ukipenda fremu mbili, rudia kwa pikseli 3 na rangi ya mwanga, kwenye tabaka lililo chini ya hilo la kwanza.

Ikiwa ikoni inakwenda mahali panapokata duara, acha fremu kabisa. Utabaki na vipande vinne vya mistari vinavyogusa pande, vinavyoonekana kama kosa.

Kuhifadhi na kujaribu

Hamisha kwa Shift, Ctrl na E. Chagua PNG kama ikoni ina maandishi, fremu, rangi bapa au pembe zenye uwazi, haipotezi kitu. JPEG haibebi uwazi, na huchafua kingo za nyekundu kwa sababu kwa kawaida huhifadhi taarifa za rangi kwa ufinyu kuliko za mwanga. Kwa sweta jekundu la picha hii tofauti ilionekana kwa macho, kola iliota ukungu. Kama umelazimika kutumia JPEG, weka ubora 90 au zaidi na kwenye mipangilio ya ziada chagua 4:4:4, inayohifadhi taarifa za rangi bila kuzifinya.

Kwenye dirisha hilohilo ondoa tiki za Exif na XMP, ambazo ni taarifa zinazofichwa ndani ya faili. Picha za simu huweza kubeba mahali ulipokuwa ulipozipiga, na hakuna sababu ya kugawa anwani ya nyumbani pamoja na uso. Simu nyingi pia hupiga picha kwa wigo mpana wa rangi. Kabla ya kuhamisha, ibadilishe iwe sRGB, wigo wa kawaida wa rangi, kupitia "Image", "Color Management", ili rangi zisipauke zikifika kwenye vifaa vya wengine.

Kisha ipakie na uitazame inapoishi: kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye mandhari meupe na kwenye mandhari meusi. Ya mdogo wangu ilipendeza kwenye meupe. Kwenye meusi, nywele za upande wa kulia zilimezwa, ikabaki nusu ya kichwa na majani matatu yakielea. Nilirudi kwenye faili la XCF, nikashusha nguvu ya lile tabaka la Multiply kutoka 100 hadi 70, nikapunguza tena, nikanoa, nikaweka zile nukta mbili za macho, nikahamisha na kumtumia.